Mgeni Amekuwa Mwenyeji: Malazi ya Watalii Vijijini na Ukimya wa Mimbari Zetu

 

Ndugu Waislamu, utalii unapotajwa katika misikiti yetu ya Unguja, aghlabu husikika kauli mbili. Ya kwanza yasema: utalii ni fitna tupu, haufai kutajwa ila kwa kulaaniwa. Ya pili yasema: utalii ni riziki, basi tusiulize. Kauli zote mbili zina kasoro moja, nayo ni kudhani kwamba utalii ni kitu kimoja. Mgeni hulala mahali, na mahali anapolala ndipo panapoamua nani atapata riziki na nani atabakiwa na fitna.

Tangu sheria ya uwekezaji ya mwaka 1986 mlango umekuwa wazi, na mwaka 2023 wageni waliofika Zanzibar walizidi 600,000. Tuwatazame wanalala wapi huko mashamba.

Aina ya kwanza ni hoteli kubwa ya ufukweni iliyozungushiwa ukuta, ambayo mgeni huilipia kila kitu angali kwao Ulaya: chumba, chakula, kinywaji na michezo. Kiwengwa inajulikana kwa hoteli za namna hii. Mgeni huyo hana haja hata ya kununua dafu kijijini. Aina ya pili ni nyumba ndogo za wageni na bungalo za makuti, kama zilivyo Jambiani, ambazo mgeni wake hutoka kutafuta samaki, baiskeli na nahodha. Aina ya tatu ni nyumba za kukodi zinazotangazwa kwenye intaneti, ambazo mara nyingi mwenyewe hakai kijijini. Aina ya nne ni mgeni kupokewa na familia, akala wanachokula na kumlipa mwenye nyumba mkononi.

Ardhi ya Zanzibar ilifanywa mali ya serikali baada ya Mapinduzi ya 1964. Kwa hiyo wanakijiji walipopisha hoteli, mara nyingi walichohesabiwa ni minazi na vipando. Mnazi ulihesabiwa, njia ya kwenda pwani haikuhesabiwa. Leo mvuvi huzunguka ukuta kuufikia mtumbwi wake. Na kule Paje, akina mama wanaolima mwani hugombania maji yaleyale na wageni wanaoteleza juu ya bahari kwa tiara.

Enyi makhatibu, ni khutba ngapi zimesomwa juu ya mavazi ya mtalii, na ngapi juu ya mkataba wa hoteli? Kukemea uchi ni wajibu, wala hatuupunguzi. Lakini aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqarah, haikuhusu mavazi. Imehusu kuandika deni na kushuhudisha. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Fuqaha wakakataza gharar, yaani biashara ambayo upande mmoja haujui unauza nini. Mzee aliyetia dole gumba kwenye karatasi ya lugha asiyoisoma, kwa ushauri wa dalali aliyekula pande zote mbili, ameingizwa katika nini kama si gharar?

Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta ada ya kwamba mfanyabiashara mgeni hushukia nyumbani kwa mwenyeji, na mwenyeji ndiye anayemsimamia katika kuuza na kununua. Hiyo ndiyo pwani yetu ilivyokuwa: mgeni aliheshimiwa, na mwenyeji alibaki mwenyeji. Leo mgeni ndiye mwenye nyumba, na mwana wa kijiji husimama langoni akiwa mlinzi, akiwazuia jamaa zake.

Atasema msemaji: kumtia mgeni katika nyumba ya Muislamu ni kuileta fitna chumbani. Twajibu: yuko wapi mwenye uwezo wa kuweka sharti? Mwenye nyumba aweza kusema, hapa hapanywewi pombe, mavazi ni haya, na chumba cha mgeni kina mlango wake wa nje. Asiyekubali atakwenda kwingine. Kibarua wa hoteli hana sharti la kuweka. Huambiwa abebe trei ya pombe naye huibeba, au arudi kwao.

Atasema mwingine: hatuna mtaji. Fiqhi yetu ina mlango wa shirika na mlango wa wakfu. Familia nne zaweza kushirikiana kujenga vyumba sita na kukata leseni ya Kamisheni ya Utalii. Msikiti waweza kuwa na nyumba ya wageni ya wakfu, pato lake likalipa walimu wa madrasa na kuchimba visima, kama wazee wetu wa Kiislamu walivyojenga makhani ya wasafiri katika njia za misafara.

Basi tunawataka wazee wa kila kijiji cha pwani mambo matatu. Asitie mtu saini mkataba ila usomwe kwa Kiswahili mbele ya jamaa baada ya sala ya Ijumaa. Njia ya pwani iandikwe ndani ya mkataba huo. Na kabla ya kumkodisha mgeni kiwanja, aulizwe kwanza mwana wa kijiji kama aweza kujenga yeye. Kiwanja kikishapita mikononi, laana za mimbari hazitakirudisha.