Tuache Kuusingizia Mwili

Mbeya na Iringa ipo imani iliyozoeleka mno kuhusu unene: kwamba mtu akishavuka miaka thelathini, na hasa mwanamke akishazaa watoto wawili watatu, mwili "unapoa", chakula hakiungui tena, na kitambi huja chenyewe. Baridi yetu ya nyanda za juu nayo huongezwa kwenye mashtaka. Imani hiyo ndiyo inayouza ndimu ya asubuhi, tangawizi na majani ya chai yanayosifiwa kwamba yanayeyusha mafuta. Naipinga kwa sababu si kweli, na kwa sababu inamfanya mtu asubiri dawa ya jambo ambalo kwa sehemu kubwa limo jikoni kwake.

Umetaboli, yaani jinsi mwili unavyotumia nishati, hupimika. Mtu hunywa maji yenye aina za pekee za hidrojeni na oksijeni, mkojo wake hupimwa kwa siku kadhaa, na kwa kufuata kasi ambayo aina hizo hutoka mwilini wataalamu hukokotoa nishati aliyotumia huku akiendelea na shughuli zake. Agosti 2021 jarida la Science lilichapisha vipimo vya watu zaidi ya 6,400 wa nchi 29, kuanzia kichanga wa siku nane hadi mzee wa miaka 95. Ukishazingatia ukubwa wa mwili, matumizi ya nishati hayabadiliki tangu miaka 20 hadi 60. Ndipo huanza kushuka, tena kwa asilimia 0.7 hivi kwa mwaka. Mwenye kasi kuliko wote ni mtoto wa mwaka mmoja, anayemzidi mtu mzima kwa asilimia 50. Hapo sina budi kusimama kidogo. Iringa, mkoa unaolisha wengine mahindi, utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwili wenye moto mkali kuliko yote nyumbani ndio tunaoupa uji mwepesi, huku watu wazima tukijadili namna ya kuchochea wa kwetu.

Wapo watakaosema bibi zetu walikula ugali huuhuu na hawakunenepa kwa sababu walishika jembe, na sisi tunakaa dukani na kupanda bodaboda. Hoja hii ina uzito, ila haitoshi. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walitoa matokeo ya vipimo vya Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, watu wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Wanaume walitembea wastani wa kilometa 11 hivi kwa siku, wanawake karibu 6. Walipolinganishwa na Wamarekani na Wazungu wa mijini, kwa kuzingatia ukubwa wa mwili, nishati waliyotumia kwa siku haikuwa kubwa zaidi. Mazoezi ni ngao ya moyo na husaidia kudhibiti sukari ya damu, na asiyaache mtu. Ila hayafuti kila tunachokula. Bibi yule hakutuzidi jembe tu; pia hakuwa na sukari na mafuta tele kama sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi hii ilipanga foleni kwa ajili ya sukari na mafuta ya kula.

Tazama mkono unaopika leo. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya alizeti kina kilokalori 120 hivi. Anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu hajui kama ametia vijiko viwili au sita, na tofauti hiyo ni kilokalori 480 ndani ya sufuria moja ya mboga, bila tumbo kuhisi shibe yoyote ya ziada. Vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vidogo vinne vya sukari, vinakaribia kilokalori 200. Mtu wa kilo 70 huhitaji karibu saa nzima ya kutembea ili azitumie. Atakayeapa kwamba anakula kidogo huenda hasemi uongo, anasahau tu. Mwaka 1992 watafiti wa New York waliwapima watu walioshindwa kupungua licha ya kusema wanakula kidogo: umetaboli wao ulikuwa wa kawaida, na walikuwa wametaja karibu nusu tu ya walichokula.

Pingamizi moja nalikubali. Tezi ya shingo ikilegea, umetaboli hupungua kweli, na nyanda hizi zilijaa rovu kabla ya chumvi yenye madini joto kuenea kuanzia miaka ya 1990. Lakini hata ugonjwa huo wa tezi kulegea kwa kawaida huongeza kilo chache tu, na una dalili zake: uchovu usioisha, ngozi kavu, kukosa choo, kuhisi baridi kuliko wenzako mlio nao chumba kimoja. Mwenye dalili hizo aende hospitali apimwe damu, tangawizi haitamtibu. Wewe ambaye huna, usinunue chai ya kuyeyusha mafuta. Chukua kijiko, na kuanzia jioni ya leo pima mafuta kabla hayajaingia sufuriani.