Vigogo wa baiskeli waliikacha Kigali, Makambako bado inatafuta pa kuonekana

MAKAMBAKO. Ukitoka stendi ya Makambako kuelekea Njombe, kilomita kama 60 hivi, barabara haikupi nafasi ya kupumua. Ni kupanda, kushuka, kona, kisha kupanda tena, huku malori ya mbao na viazi yakikupita kwa karibu. Asubuhi za Juni na Julai baridi yake inakata vidole. Na bado kuna vijana wanaipiga njia hiyo na baiskeli za gia moja, gunia limefungwa kwenye karia kwa mipira, hakuna kofia ngumu wala jezi ya kubana.

Vijana hao wanafanya kila wiki kitu ambacho baadhi ya majina makubwa kabisa ya baiskeli duniani yalikikwepa Septemba 2025. Milima.

Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani yalipigwa Kigali kuanzia Septemba 21 hadi 28, mara ya kwanza kuletwa Afrika tangu yaanzishwe miaka zaidi ya 100 iliyopita. Kwa mtu wa soka, hiyo ni sawa na Afrika Kusini 2010. Rwanda ilipewa uenyeji mwaka 2021, ikapata miaka minne ya kujipanga, na mashabiki wakajaa pembeni mwa barabara kama wako kwenye dabi ya Kariakoo.

Lakini orodha ya walioanza ilikuwa na mashimo. Jonas Vingegaard wa Denmark, mwenye Tour de France mbili na aliyekuwa ametoka kushinda Vuelta ya Hispania wiki mbili tu kabla, hakuwepo. Mathieu van der Poel wa Uholanzi, bingwa wa dunia wa 2023, hakuwepo. Wout van Aert wa Ubelgiji naye hakuwepo. Wafyatukaji wa mwisho kama Jasper Philipsen na Jonathan Milan wala hakuna aliyewatarajia.

Maneno yakawa mengi. Wapo waliosema Wazungu wameidharau Afrika, wakafunga mjadala hapo. Hoja hiyo ina ukweli kidogo, ila haitoshi, kwa sababu mabingwa wamekuwa wakiyaruka mashindano haya hata yakifanyika Ulaya.

Anza na njia yenyewe. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5, na ukijumlisha mipando yote unapata zaidi ya mita 5,400 za kwenda juu. Ni kama kupanda kutoka usawa wa bahari hadi karibu na kilele cha Kilimanjaro, kwa siku moja, ukiwa umekaa kwenye tandiko. Walioanza walizidi 160. Waliomaliza ni 30. Mtu mwenye kilo nyingi na nguvu za mita 200 za mwisho, aende Kigali kufanya nini? Philipsen kubaki nyumbani si woga, ni hesabu.

Pili, kalenda. Vuelta iliisha Septemba 14. Wiki moja baada ya Kigali ikaja Ubingwa wa Ulaya kule Ufaransa, na siku chache mbele yake Il Lombardia ya Italia. Mwili mmoja hauwezi kubeba vyote. Vingegaard alichagua kupumzika kisha kwenda Ufaransa, na huko nako aliachwa mapema kabisa. Van der Poel alikuwa ameelekeza macho kwenye Dunia ya baiskeli za milimani kule Uswisi, akamaliza wa 29. Kwa hiyo wakali hawa wawili waliikosa Kigali na walichokifuata hawakukipata.

Tadej Pogačar wa Slovenia alifanya kinyume. Aliiacha Vuelta, akaenda Canada kunoa miguu, akatua Kigali na kuchukua dhahabu baada ya kukimbia peke yake kilomita 66 za mwisho. Kisha akashinda Ulaya, na baadaye Lombardia kwa mara ya tano mfululizo. Remco Evenepoel wa Ubelgiji, aliyeondoka Tour de France kabla haijaisha, naye aliiruka Vuelta ili ajiandae. Alichukua dhahabu ya mbio dhidi ya saa, akimpita Pogačar barabarani, na fedha nyuma ya Pogačar kwenye mbio kubwa. Waliotaka Kigali waliipanga tangu mapema.

Hela nayo ina sauti yake. Bingwa wa Tour de France anapewa Euro 500,000. Zawadi ya bingwa wa dunia haifiki hata Euro 10,000. Kinachotafutwa pale ni jezi ya upinde wa mvua ambayo bingwa anaivaa mwaka mzima, na heshima yake. Halafu kuna gharama za safari: Uholanzi ilitangaza mapema kwamba haitapeleka timu zake za vijana kwa sababu fedha haitoshi. Na hali ya mashariki mwa Congo, baada ya M23 kuingia Goma Januari 2025, ililifanya Bunge la Ulaya litake mashindano yaondolewe Kigali. Chama cha dunia, UCI, kiligoma kuhama.

Nani anamlipa mshahara?

Hapa ndipo mtu aliyezoea soka anapochanganyikiwa. Klabu ya Ulaya ikiwa na mchezaji wa Taifa Stars, kalenda ya FIFA inailazimisha imwachie wiki ya mechi za taifa ikifika. Kwenye baiskeli hakuna kamba ya namna hiyo. Mwendesha baiskeli ni mwajiriwa wa timu ya kampuni, anavaa jezi ya kampuni mwaka mzima, na jezi ya taifa anaivaa siku za kuhesabika: Dunia, ubingwa wa bara, Olimpiki. Akimwambia kocha wa taifa "mwaka huu sipo", habari imeishia hapo.

Na hata anapokuja, timu ya taifa ni ndoa ya wiki moja. Kigali ilionyesha jambo hili waziwazi. Pogačar aliposhambulia kwenye Mlima Kigali, zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 100, waliobaki kumshikilia walikuwa Juan Ayuso wa Hispania na Isaac del Toro wa Mexico. Mataifa matatu tofauti, lakini wakati huo wote watatu walikuwa wanalipwa na timu moja, UAE Team Emirates. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba walisaidiana kwa makusudi, na wote wawili baadaye waliachwa. Ila fikiria fainali ambayo beki wa timu pinzani ni mwenzako wa klabu na Jumatatu mnarudi mazoezini pamoja.

Uchaguzi wenyewe una ngazi mbili. Ya kwanza ni ya UCI: nafasi zinagawiwa kwa viwango vya mataifa. Nchi 10 za juu zinapata watu wanane kila moja, zinazofuata sita, halafu nne, na bingwa mtetezi anaongezwa nje ya hesabu. Ngazi ya pili ni ya kocha wa taifa, na huyu ana mamlaka makubwa. Hachukui wanane bora. Anachukua mmoja au wawili wa kushinda na wengine wa kuwabebea maji, kuziba upepo na kufukuza waliotoroka. Ndiyo maana kila mwaka Ubelgiji na Ufaransa kuna nyota anayenuna. Kocha wa CHAN angalau alikuwa na sheria ya kujifichia, mchezaji lazima acheze ligi ya nyumbani. Kocha wa baiskeli anajificha nyuma ya macho yake tu.

Nchi ndogo zina shida nyingine kabisa: kupata hata wa kuandika kwenye fomu, na mtu wa kuituma fomu hiyo.

Kisa kinachojulikana zaidi kimetokea hapa jirani. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufundwa na David Kinjah kule Kikuyu, aliivalia Kenya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Melbourne 2006. Mwaka huohuo alitaka kwenda Mashindano ya Dunia ya vijana, Salzburg, Austria. Alipoona mambo hayaendi, akatumia barua pepe ya mkuu wa chama cha Kenya na kujiandikisha mwenyewe, kama vile chama ndicho kimemteua. Alifika peke yake, na sekunde chache baada ya kuanza mbio dhidi ya saa akamgonga ofisa, wote chini. Watu walicheka. Mwaka 2008 akahamia Uingereza, na kati ya 2013 na 2017 akabeba Tour de France nne, zote chini ya bendera ya Uingereza.

Wenzake wa Kenya waliobaki walitafuta njia nyingine. Timu ya Amani, iliyokuwa na nahodha Suleiman Kangangi kabla hajafariki kwenye mbio za changarawe Marekani Agosti 2022, iliona bora kwenda kwenye mbio ambazo mtu anajiandikisha mwenyewe, bila kusubiri chama wala nafasi za UCI. Biniam Girmay wa Eritrea alipita kwingine: nchi yake ina mbio kila mara mitaani, akaonekana, akapelekwa kituo cha UCI Uswisi, na mwaka 2024 akashinda hatua tatu za Tour de France na jezi ya kijani.

Rudi sasa Makambako. Kijana wa gunia la viazi anaonekana wapi?

Tanzania ina CHABATA, chama cha baiskeli, na ina mbio zenye mashabiki. Lakini sifa za mchezo huu zimekaa Kanda ya Ziwa, Mwanza na Shinyanga, na upande wa Arusha. UMISSETA inamtafutia kijana wa Njombe nafasi ya kucheza soka, netiboli, wavu au kukimbia, baiskeli haimo. Njombe Mji ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2017/18, Simba na Yanga zikafika Uwanja wa Sabasaba, na kwa msimu mmoja vijana wa mkoa huu walionekana, hata kama timu ilishuka. Baiskeli haijawahi kuupa mkoa huu msimu wa aina hiyo.

Na hapa kuna kitu cha kukera kidogo. Timu za Ulaya hulipa hoteli Teide na Sierra Nevada, Hispania, wiki kadhaa kila mwaka, ili waendeshaji wao walale juu na damu yao izoee hewa nyepesi. Makambako na Njombe zote ziko juu kuliko Kigali. Barabara ya lami ipo, milima ipo, na ukitaka adhabu zaidi endelea mpaka Makete.

Baiskeli za aina anayopanda Pogačar zinauzwa zaidi ya Sh30 milioni, hilo halina ubishi. Ila mbio za kwanza hazihitaji hizo. Kanda ya Ziwa wamekuwa wakishindana kwa baiskeli za kawaida, zilezile za karia. Mbio moja ya Makambako hadi Njombe, polisi wa usalama barabarani mbele, gari la wagonjwa nyuma, mtu wa kuandika muda na mtu wa CHABATA pale mwisho, zingempa kocha wa taifa majina ambayo leo hana.

Mashindano ya Dunia yajayo ni Montréal, Canada, Septemba 2026, na Vingegaard atakuwa na haki ya kusema tena hapana. Oktoba 31 mwaka huohuo Dakar inapokea Olimpiki ya Vijana, ya kwanza Afrika, na baiskeli za barabarani zimo.