Tusiusingizie Mchanga

Yeyote aliyepita karibu na pampu ya shule yetu wakati wa kiangazi ameisikia ikikwaruza kama debe lililotiwa kokoto. Wengi husema ya kwamba imemeza mchanga. Mwaka huu gurudumu lake la ndani limebadilishwa mara ya pili, na wadogo zetu wa kidato cha kwanza bado huteka maji bondeni kwa ndoo kabla ya kengele ya darasa. Mimi naona mchanga tunausingizia bure.

Gurudumu la zamani nililitazama kwa macho yangu. Halikulainika kama chuma kilichosuguliwa na mchanga, bali limetobokatoboka kama sega la nyuki. Hiyo ni kazi ya mapovu. Twajua sote ya kuwa hapa Mbeya maharagwe hukawia kuiva. Tuko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, hewa hutukandamiza kidogo, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Basi pampu ikivuta maji kwa nguvu kutoka chini mno, mkandamizo ndani ya bomba hupungua hata maji ya baridi yakachemka bila moto. Mapovu ya mvuke yakifika penye mkandamizo mkubwa hubonyea ghafula, na kila moja hukipiga chuma kama nyundo ndogo. Ndizo kokoto tunazozisikia.

Msidhani ni jambo dogo. Mwaka 1983, kwenye bwawa la Glen Canyon huko Marekani, mapovu ya namna hiyo yalibomoa saruji ya mahandaki ya kupitishia maji ya mafuriko, na mwamba ukachimbika. Wahandisi waliponya mahandaki hayo kwa kuyachongea mifereji ya kuingiza hewa, maana hewa ndani ya maji ni kama godoro: hupunguza pigo.

Sisi hatuhitaji ufundi huo. Yafaa pampu ishushwe karibu na maji, bomba la kuvutia liwe fupi na pana, na chujio liondolewe majani kila Jumamosi. Wapo watakaosema ya kwamba masika mto utaichukua. Ni kweli, basi iwekewe magurudumu, tuipandishe mvua zikianza.

Maji ya mito yetu hushuka kwa Ruaha Mkuu, yakapita Iringa hadi Mtera na Kidatu, yakaendesha mitambo ya umeme. Huko nako mapovu ni adui yule yule. Huenda mmoja wetu atakuja kuitunza mitambo hiyo. Na aanze kujifunza hapa, kwa pampu ya bondeni.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne