Sataranji kwa Barua: Tusimcheke Aanzaye Pembeni

Wapo walimu wenzetu wafundishao sataranji kama wafundishavyo jedwali la kuzidisha: askari wa katikati kwanza, kisha farasi; na mtoto akithubutu kumsogeza askari wa pembeni, hukemewa mbele ya wenziwe. Fundisho hilo twalipinga. Halimfunzi mtoto kufikiri, lamfunza kuogopa.

Huko Uswisi, Henri Grob (1904–1974), bingwa wa sataranji na mchoraji, alicheza kwa barua michezo mamia akianza kwa kumpeleka hatua mbili askari aliye mbele ya farasi wa upande wa mfalme. Wajuzi waliubeza mwanzo huo, kwani huidhoofisha ngome ya mfalme. Hata hivyo aliyekariri kitabu alikiona kitabu chake kimefungwa tangu hatua ya kwanza, ikambidi afikiri. Mwaka 1980 kule Skara, Uswidi, Mwingereza Tony Miles alimjibu Anatoly Karpov, bingwa wa dunia wakati huo, kwa kumsogeza askari wa ukingoni hatua moja tu. Miles akashinda.

Tutatajiwa Bent Larsen, aliyeanzia pembeni kule Belgrade mwaka 1970 akashindwa na Boris Spassky kwa hatua 17. Naam, alishindwa, lakini mfalme wake alibaki katikati bila hifadhi. Kosa la mwendo tusilitwike mlango.

Yatuhusu nini sisi walimu wa Kiswahili? Yatuhusu sana. Katiba ya Uganda, iliporekebishwa mwaka 2005, ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Lakini lugha haikui kwa kutajwa, wala kwa mtihani peke yake. Yataka kazi. Basi shule za Ibanda, chini ya Milima ya Rwenzori, na zile za Bwera, mpakani mwa Kongo, na zichezeane sataranji kwa barua, na kila hatua iandamane na aya moja ya Kiswahili ya kuitetea. Aanzaye katikati atanakili sababu za wengine. Aanzaye pembeni hana wa kumnakili. Hana budi kuzitafuta hoja zake na maneno yake mwenyewe. Huyo ndiye mwanafunzi tumtakaye, hata akishindwa mchezo.

Mwalimu asiyeridhika na hoja hii na atuandikie, mradi naye atoe sababu.