Dodoma Si Nchi ya Njaa

Tangu serikali ihamie Dodoma, maneno ya zamani yamepata wasemaji wapya: ardhi ya huku haizai, Mgogo na njaa ni ndugu, chakula lazima kije kwa malori kutoka Iringa na Mbeya. Nayapinga. Ni uongo, tena uongo unaoharibu mashamba.

Karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilivuka nyika kavu ya Marenga Mkali ikiwa hoi, ikaingia Ugogo kununua nafaka, maziwa na mifugo. Watemi waliitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, na msafiri Stanley, aliyepita mwaka 1871, aliilalamikia sana. Misafara ya mamia ya watu ingenunua nini katika nchi isiyozaa?

Njaa kubwa ambayo wazee waliisimulia, Mtunya, iliwapata Wagogo kuanzia 1917 hadi 1920. Ukame ulikuwapo, lakini Wagogo walikuwa wamezoea ukame. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yaliwachukulia nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua ilipokosekana hapakuwa na akiba ya kuvukia. Watu walikufa kwa maelfu, na lawama ikabaki kwa ardhi.

Vivyo hivyo Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kulima karanga, na mwaka 1951 mradi ukafa baada ya kuteketeza pauni milioni 36 hivi. Walitaka udongo unaokakamaa kama saruji mvua ikikatika utii mpango uliochorwa London.

Leo kosa letu ni mahindi. Dodoma hupata takriban milimita 570 za mvua kwa mwaka, katika msimu mmoja wa Desemba hadi Aprili, na mara nyingi katikati ya msimu mvua hukatika kwa wiki kadhaa. Mahindi yakikosa maji yanapotoa mbelewele, gunzi hubaki na punje za kuhesabu. Mtama hukunja majani, husubiri, kisha huendelea mvua ikirudi. Uwele huvumilia zaidi. Mahindi asili yake ni Amerika. Mtama na uwele vilianza kulimwa hapahapa Afrika, maelfu ya miaka iliyopita. Ajabu ni kwamba kile cha mbali ndicho tunachokiita chakula cha kwetu, na ugali wa uwele kwa mlenda uliokaushwa tangu masika tunauita chakula cha shida.

Sikatai kwamba nafaka hizi zina taabu. Kwelea kwelea wakishuka shambani humaliza kazi ya msimu kwa muda mfupi, watoto hukosa masomo wakiwafukuza, na kutwanga huwachosha kina mama. Hayo yanatibika kwa mashine za kukoboa vijijini na ndege ya dawa inayofika kwa wakati. Mvua haiongezeki kwa mbegu ya mahindi.

Mkulima wa Chamwino hupanda anachojua kina mnunuzi. Viwanda vya bia vimeanza kununua mtama. Shule za bweni, vyuo na migahawa ya wizara hapa mjini bado vinaagiza sembe na mchele. Halmashauri zina uwezo wa kuandika uwele na mtama katika zabuni za chakula za msimu ujao, tena zitangaze bei kabla ya Desemba, mkulima akiwa bado anachagua mbegu.