Boda Akicheza Drafti ni Mvivu, Bosi Akivuta Kamba ni "Tim Bilding"?

Wasee wa mtaa, leo naongea na mabosi, lakini nyinyi ndio mashahidi wangu.

Pita stejini hapa Majengo saa nane mchana, kazi ikiwa imepoa. Utapata watu wa boda wamezunguka ubao wa drafti, vifuniko vya soda juu, kelele kibao. Mtu wa ofisi akipita anatingisha kichwa: "Ndiyo maana hawaendelei." Huyo huyo, mwezi ujao kampuni itampeleka hotelini avute kamba na kukimbia ndani ya gunia, amevaa tishati mpya. Hiyo sasa inaitwa tim bilding.

Tofauti ni gani, kando na bei ya lanchi?

Iko moja. Pale stejini hakuna mkubwa. Mwenye pikipiki tatu anachapwa na kijana aliyeanza kuendesha jana, na anapisha kiti. Sisi tulilelewa hivyo. Kwenye kati, hata mtoto wa landilodi akigongwa na mpira wa juala alitoka. Gari la waya likikataa kwenda, ulilikunja upya. Hakuna aliyekuambia uandike barua ya kujieleza.

Mimi nimewahi kuajiriwa mahali fulani. Tukapelekwa siku ya michezo, bosi akatangaza, "Leo sote ni sawa!" Tukapiga makofi. Jumatatu nikapendekeza njia nyingine ya kupanga oda za wateja. Nikaulizwa mbele ya watu wote: "Kwani wewe ni nani?" Nikanyamaza, na wenzangu wakajifunza kunyamaza. Oda ziliendelea kupotea, na kila mtu alijua kwa nini.

Na si ati hili ni jambo geni Nyeri. Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, amezikwa hapa hapa mjini tangu 1941. Alikuwa jenerali wa himaya ya Waingereza, kwa hivyo sina haja ya kumpamba. Lakini mwaka wa 1907, kwenye kisiwa cha Brownsea kule Uingereza, alipiga kambi na vijana kama 20 hivi, wa shule za matajiri na wa familia za kawaida, akawachanganya. Akawagawa vikundi vidogo, na kila kikundi kikaongozwa na kijana mwenzao. Wakajifunza kwa michezo. Jenerali mzima aliachia watoto uongozi, na wewe mwenye wafanyakazi sita unaogopa wazo la mtu wa kaunta?

Najua mtasema kazi ni kazi. Sawa. Hakuna anayeomba kucheza wateja wakingoja. Na tuelewane: mchezo si mshahara. Kama pesa za watu zimechelewa, usituletee baluni.

Tunachotaka ni kidogo. Nusu saa kila wiki, si siku moja kwa mwaka. Anayeongoza abadilishwe kila mara. Wazo jipya lijaribiwe kwa udogo, likianguka tucheke, turekebishe, tuendelee. Na sheria ziwe moja kwa wote, hata Jumatatu.

Bosi, karibu stejini. Kiti kipo. Lakini ukichapwa, unapisha.