Anayeanza na Apewe Punda Mpole: Maoni Juu ya Kambi ya Kutwa ya Likizo

Mwezi wa Juni, wakati shule zetu zinapofungwa na baridi ya Njombe inapofika kilele chake, kule Ulaya na Marekani ndipo majira ya joto yanapoanza. Huko watoto wengi hupelekwa katika kambi za kutwa za kupanda farasi. Mtoto huenda asubuhi, hushinda na farasi, na jioni hurudi kulala kwao. Katika kundi moja huwamo aliyezaliwa miongoni mwa farasi, na humo humo yumo ambaye hajawahi kumgusa mnyama mkubwa kuliko paka. Walimu wa kambi hizo hawana njia ya kulikwepa tatizo hilo, kwa kuwa anayekosea kumweka mtoto mahali pake hamwoni akipata alama mbaya tu, bali humwona akianguka chini.

Ndugu wanachuo, hatuandiki makala haya kwa sababu tunataka Njombe iige anasa za watu. Tunaandika kwa sababu tatizo la walimu hao ndilo tatizo litakalowangojea ninyi siku ya kwanza mtakapokabidhiwa darasa. Nasi tumeligusa kwa mikono yetu wenyewe, si kwa farasi bali kwa punda.

Farasi ni wachache nchini mwetu, na sababu zake zinajulikana. Mbung'o waliifanya sehemu kubwa ya nchi isikalike kwa mnyama huyo, na mahali pasipo na mbung'o yapo maradhi ya farasi yanayoenezwa na visubi, ambayo humwua upesi. Katika nyanda za juu penye baridi huweza kuishi, na jirani zetu wa Mufindi wanao farasi mashambani ambao wageni huwapanda kwa matembezi. Lakini mnyama wa watu wetu ni punda, ambaye huyastahimili maradhi hayo kwa namna ambayo farasi hawezi. Kule Makete, ambako siku hizi ni wilaya ya Mkoa wa Njombe, mradi wa usafiri wa vijijini uliosaidiwa na Shirika la Kazi Duniani ulihimiza ufugaji wa punda katika miaka ya 1980, ili mizigo iondoke vichwani mwa akina mama na kupandishwa juu ya mgongo wa mnyama.

Basi likizo moja ya Juni tulikusanya watoto wapatao thelathini katika shule moja ya msingi si mbali na Makambako. Wanaoufahamu mji huo wanajua jinsi watu wake walivyochanganyika. Hapo ndipo barabara ya Njombe na Songea inapoachana na barabara kuu ya Tunduma, na hapo pia treni ya TAZARA husimama. Watoto wa wafanyabiashara, wa wafanyakazi wa reli na wa wakulima huketi dawati moja. Tuliazima punda sita kutoka kwa wazee wa vijiji vya karibu. Mmoja wao alituuliza kwa mshangao shule ilikuwa imevuna viazi kiasi gani, na tulipomjibu kwamba tunataka kuwafundisha watoto kuongoza na kupanda, alicheka sana, kisha akasema atakuja mwenyewe, kwa sababu hamwamini mwalimu kumshika punda wake.

Siku ya kwanza tulifanya kosa ambalo kila mwalimu hulifanya bila kufikiri: tuliwapanga watoto kwa madarasa. La sita mbele, la tano nyuma yao, la tatu mwisho. Msichana mmoja wa darasa la sita, mrefu, hodari wa hesabu, akawa wa kwanza kupewa kamba kwa kuwa ni mkubwa. Hakuna aliyemwuliza kama aliwahi kumkaribia punda. Alisimama mbele ya mnyama akamvuta kwa nguvu zake zote, na punda, kama ilivyo desturi yake anapovutwa na mtu aliyemkabili uso kwa uso, akakita miguu chini. Mvulana mmoja akaenda nyuma kumsukuma. Tulisikia teke kabla hatujaliona. Kwa bahati lilimpata pajani, akavimba tu, lakini msichana yule aliiachia kamba akakimbilia nyumbani, na siku mbili zilizofuata hakuonekana.

Wakati sisi tukimshughulikia aliyepigwa, mtoto wa darasa la tatu alitoka mwisho wa mstari, akamshika punda yule shingoni, akamnong'oneza, akaondoka naye taratibu kuuzunguka uwanja. Mwalimu wake wa darasa alikuwa pamoja nasi. Alituambia kwamba mtoto huyo ndiye anayekaa nyuma kabisa, hajui kusoma sawasawa, na kwamba alikuwa amemwandika katika orodha yake ya watoto wazito.

Jioni ile tulikaa kuipanga kambi upya. Katika vitabu vya Uingereza tulikuwa tumesoma juu ya chama cha watoto wapanda farasi kilichoanzishwa mwaka 1929, ambacho hadi leo huwapima watoto kwa daraja, kutoka ya wanaoanza hadi A ya mabingwa. Jambo lililotuvutia ni kwamba katika kila daraja mtoto hupimwa kupanda, na hupimwa pia kumtunza mnyama. Basi asubuhi iliyofuata hatukumwuliza mtoto yeyote yuko darasa la ngapi. Tulimwambia tu, “Mlete punda yule hapa,” tukatazama. Aliyeogopa kumkaribia alipewa kazi ya kumlisha na kumsugua manyoya, mtu mzima akiwa ubavuni. Aliyemkaribia lakini hakujua kumwendesha alifundishwa kuongoza kwa kamba. Aliyejua kuongoza alipandishwa huku mwenziwe akiongoza. Wachache waliojua yote hayo walishika hatamu wenyewe, wakajifunza kumtoa punda katika mwendo wa kawaida na kumtia katika telki bila kumchapa. Shoti hatukuiruhusu. Na kila mtoto aliambiwa kwamba akiweza kufanya jambo la kundi la mbele atahamia kundi hilo saa ile ile, bila kungoja kesho.

Hapo tukadhani tumemaliza, kumbe kosa kubwa zaidi lilikuwa bado. Katika kugawana makundi, sisi wakufunzi tulijitwalia wale wanaopanda, kwa kuwa kazi yao ilikuwa ya kupendeza, na watoto waoga tukawaachia wanachuo wawili waliofika kwa mazoezi. Tuliiona kuwa ni kazi nyepesi. Mmoja wa wanachuo hao alikuwa akimwogopa punda kuliko watoto wenyewe. Mtoto aliporuka kwa hofu, naye aliruka. Asubuhi nzima ikapita bila hata mmoja wao kuhama. Tena tuliwapa punda dume kijana asiyetulia, kwa kuwa punda jike mtulivu kuliko wote tulikwisha mchukua sisi. Naye yule mvulana wa darasa la tatu, ambaye tulimfanya msaidizi, alionekana kuwa bingwa wa punda lakini si wa watu. Kila mwenziwe alipokosea alimnyang'anya kamba akafanya yeye.

Aliyetuokoa ni mzee mwenye punda. Adhuhuri, bila kuombwa, alimleta yule jike mtulivu kwenye kundi la waoga. Msichana wa darasa la sita alikuwa amerudi siku ile, amesimama mbali. Mzee akamwita.

“Njoo, mjukuu wangu. Usimvute. Simama ubavuni pake, utazame unakokwenda, tembea wewe kwanza.”

“Babu, atanipiga teke.”

“Teke liko nyuma. Wewe uko begani.”

Akatembea, na punda akatembea. Walipofika kwenye miti ya mipaka ya shule mzee alikuwa amekwisha iachia kamba, naye msichana hana habari. Kabla ya wiki kwisha alikuwa katika kundi la kupanda. Nasi tulibaki tukitazamana, kwa maana katika kundi zima la walimu wenye vyeti hapakuwa na aliyeliona jambo ambalo mzee yule aliliona: kwamba anayeanza ndiye anayestahili mnyama mpole kuliko wote na mwalimu mzoefu kuliko wote. Anayejua tayari aweza kumvumilia punda mkorofi, na mwalimu asiyejua sana hatamdhuru mno. Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa Machi 1967, iliilaumu shule inayomfanya mtoto aamini kuwa maarifa yote yamo vitabuni au kwa watu waliosoma, na hivyo kuudharau ujuzi wa wazee wake. Sisi tuliofundisha waraka huo vyuoni kwa miaka mingi tulihitaji kuaibishwa kidogo uwanjani ndipo tuuelewe.

Sasa tazameni shule zetu. Ni nani anayepangiwa darasa la kwanza? Mara nyingi ni mwalimu aliyefika jana kutoka chuoni, au aliyechoka, au yule ambaye mwalimu mkuu hana pengine pa kumweka. Walimu hodari huwekwa katika madarasa ya mtihani, kwa kuwa matokeo ya madarasa hayo ndiyo yanayobandikwa ukutani na ndiyo ambayo mwalimu mkuu huulizwa. Hatuwalaumu walimu wakuu. Nao wana wakubwa wao. Lakini tangu mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umejengwa juu ya Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na michango ya lazima ilipoondolewa mwaka 2016 watoto wa madarasa hayo waliongezeka mno. Kumpa mwalimu mgeni darasa la namna hiyo ni sawa na tulivyofanya sisi: punda asiyetulia, mwalimu mwenye hofu, na watoto wasiojua wasimame wapi. Asiyejifunza kusoma hapo atakokotwa hadi darasa la tano kama punda anayevutwa kwa mbele, na walimu hodari watakaompokea huko watamwandika katika orodha ya watoto wazito.

Wapo wenzetu wanaosema kuwapanga watoto kwa uwezo ni kuwatia alama, na kwamba kundi la nyuma litaitwa kundi la wajinga. Hofu hiyo ni ya kweli. Tumeona madarasa ambamo mstari wa dirishani hukaa dirishani mwaka mzima, na kila mtoto anajua maana yake. Lakini mpango huo sio tunaousifu. Kosa lake ni mlango uliofungwa. Katika kambi yetu mtoto aliweza kuhama mara mbili kwa siku moja, na aliyekuwa mbele katika kupanda aliweza kuwa nyuma katika kumtunza mnyama, wakati darasani mtoto hupimwa Januari akakaa na kipimo hicho hadi Novemba. Tena ni afadhali mtoto awe katika kundi la waoga kwa asubuhi moja, kuliko kusimamishwa mbele ya wote kwa kuwa ni mrefu.

Kwa wanachuo watakaopenda kujaribu kambi ya namna hii, tunashauri iwe ya kutwa, si ya kulala. Mwaka 2023 Serikali ilizuia bweni kwa watoto wa madarasa ya chini hadi la nne, isipokuwa kwa kibali, na kwa kazi hii hakuna haja ya bweni: mtoto anayerudi nyumbani jioni huenda kumfundisha nduguye yale aliyojifunza. Pateni ridhaa ya wazazi kwa maandishi, na ya mwenye punda kwa mdomo wake mwenyewe. Msianze kabla ya saa tatu, kwa kuwa mwezi wa Juni mabonde ya Njombe huamka na umande ulioganda, na vidole vilivyokufa ganzi havishiki kamba. Punda mmoja kwa watoto watano yatosha. Mtoto mzito asipande. Punda wetu ni wadogo, na kilo 50 hivi ni mzigo wa kumtosha. Mgongo ukaguliwe kila asubuhi kabla ya kuweka tandiko, na punda mwenye kidonda arudishwe kwao siku hiyo hiyo, hata kama watoto watalia. Mtoto yeyote asipite nyuma ya mnyama, wala asijifunge kamba mkononi au kiunoni, maana punda akishtuka atamburura. Maji ya punda yawekwe kabla ya chai ya walimu.

Na siku ya kugawana makundi, mwalimu mwenye miaka mingi kuliko wote kazini aende kwa watoto ambao bado wamesimama mbali. Sisi tulipoitwa tena mwaka uliofuata tulifanya hivyo. Yule msichana, aliyekuwa sasa darasa la saba, alifika bila kualikwa, akaomba akae na kundi hilo.